Mtihani Haurudiwi kwa Aibu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu zetu, tumeletewa masuala mawili katika darsa yetu, nasi tumeona tuyajibu kwa maandishi, kwani yaliyowakuta waulizaji hawa wawili yamewakuta wengi katika miji yetu, tangu Vanga mpaka Lamu.

Suala la kwanza ni la mzazi wa Mombasa. Binti yake amefanya mtihani wa kidato cha nne, huu uitwao KCSE, akapata daraja ya C. Katika Bayolojia amepata C, katika Kiswahili C, na katika Kemia C-. Tamaa ya binti ni kuwa muuguzi. Baba asema: hana budi kurudia, apate C+ aende chuo kikuu, kwani binti wa jirani amekwenda, na sisi tutaonekanaje? Mama amekwisha vua bangili zake ziuzwe, ipatikane ada ya mwaka mwengine.

Suala la pili ni la kijana wa Malindi. Yeye amepata C-, na ataka kuwa mwalimu wa skuli ya sekondari. Katika mwaka wake wa mwisho alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada, na baba yake akiwa kitandani mgonjwa. Sasa kaka yake amepata kazi, na yuko tayari kumlipia. Lakini watu wamwambia: lililoandikwa limekwisha andikwa, na tena umekuwa mtu mzima, utakaaje dawati moja na watoto? Naye atuuliza: je, kuurudia mtihani ni kushindana na kadari ya Mwenyezi Mungu?

Kabla hatujajibu, yafaa tujue kuwa wenye suala hili si wachache wala si wapumbavu. Katika matokeo ya mtihani wa mwaka 2024, yaliyotangazwa mwezi wa Januari 2025, waliopata C+ na zaidi nchi nzima walikuwa 246,391, nao ni kama robo ya watahiniwa wote. Basi katika kila vijana wanne, watatu hawakuifikia daraja ambayo kwayo mtu huingia chuo kikuu moja kwa moja. Je, watatu hawa tuwaambie kuwa Mwenyezi Mungu amewafungia riziki? Hapana mwenye akili wala mwenye dini awezaye kusema hivyo.

Tuanze na hili la kadari, kwani ndilo linaloharibu akili za wengi. Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu. Lakini kadari ni ya kumliwaza mtu kwa lililopita, wala si ya kumfunga mikono kwa lijalo. Mtume wetu (S.A.W.), katika Hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, ametuusia mambo mawili pamoja: tulifanyie bidii lile lenye kutunufaisha hali ya kumtaka msaada Mwenyezi Mungu, bila ya kulegea, na likisha kutusibu jambo, tusikae kulilia kwa kusema lau na lau, kwani neno hilo humfungulia Shetani kazi yake. Basi tazama namna watu walivyoyageuza mafunzo haya juu chini! Kwa lililopita husema lau: lau angalisoma, lau tusingalimpeleka skuli ile. Na kwa lijalo, ambalo ndilo la kufanyiwa bidii, husema imekwisha andikwa. Lau wameiweka mahali pa bidii, na kadari wameifanya ni mto wa kulalia.

Na ikiwa wataka mfano, utazame mwaka wa tatu wa Hijra, siku ya Uhud. Mtume aliwashauri watu wake, wakae Madina au watoke. Wengi wakapenda kutoka, akawafuata. Yaliyotokea mwayajua: wapiga mishale waliacha mahali walipowekwa, Waislamu wakapatwa na pigo, wakauawa watu kama sabini, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Je, Qur'ani ilisema nini baada ya hapo? Soma Sura ya Aali Imran. Haikuwaficha sababu ya pigo lile, bali iliwaeleza wazi kuwa lilitokana na nafsi zao, kwa kuasi amri na kushindana. Haikuwavunja moyo, bali iliwaliwaza na kuwasamehe. Na ajabu kubwa ni kuwa katika sura hiyo hiyo Mtume ameamrishwa aendelee kushauriana nao, khalafu akiisha azimia amtegemee Mola wake. Wala hawakupewa nafasi ya kukaa kitako wakilia, kwani kesho yake, na majaraha yao yangali mabichi, aliwatoa wale wale waliokuwa Uhud mpaka Hamraa-ul-Asad, kuwafuata maadui.

Ndugu zetu, humu mna kila tunalolitafuta. Kwanza, lililokusibu lijue sababu yake. Pili, usikate tamaa. Tatu, shauriana. Nne, azimia na umtegemee Mwenyezi Mungu. Na mpango huu haupinduliwi. Mwenye kuazimia kabla ya kujua sababu ni mwenye pupa, na mwenye kujua sababu asiazimie ni mvivu.

Sisi watu wa pwani twajua mambo ya vyombo. Jahazi likivuja njiani, nahodha hurudi bandarini. Kurudi si aibu, na kutoka tena si aibu. Lakini nahodha gani atakayelirudisha baharini jahazi lile lile, na tundu ni ile ile, hakulikalafati wala hakulipaka deheni, akasema safari hii, inshaallah, halitavuja? Huyo hakumtegemea Mwenyezi Mungu, bali amefanya mchezo na roho za watu. Na hivi ndivyo wafanyavyo baadhi ya wazazi: mtoto yule yule, kwa kusoma kule kule, na simu ile ile mkononi mpaka usiku wa manane, hurudishwa katika mtihani ule ule, kisha wakangojea matokeo mengine.

Kwa hivyo, kila atakaye kurudia mtihani, sisi twamwambia ajiulize mambo matatu, ayajibu kwa kweli mbele ya Mola wake, kabla hajatoa hata shilingi moja.

La kwanza: nini lililoniangusha? Ikiwa ni ugonjwa, au msiba, au kukosa ada, au kukosa mwalimu wa somo fulani, hizo ni sababu zijulikanazo. Ikiwa ni uvivu na marafiki wabaya, hiyo pia ni sababu, na kuikiri ni mwanzo wa dawa. Lakini ikiwa nilisoma kwa bidii yangu yote, sikuugua wala sikukosa kitu, na hiyo ndiyo daraja niliyoipata, basi jambo hilo nalo ni khabari, na si matusi. Mwenyezi Mungu hakuwagawia waja wake vipawa sawa sawa.

La pili: sababu hiyo imeondoka? Si kwamba itaondoka, bali imeondoka. Aliyekuwa mgonjwa amepona? Ada ipo, au itakopwa? Mwalimu amepatikana? Na ajue kuwa atakaye kupewa daraja ya jumla hana budi kufanya masomo yasiyopungua saba katika kikao kimoja. Wala asidhani kuwa atalitengeneza somo moja tu lililombovu, kisha lishonwe kiraka katika cheti cha zamani.

La tatu: mlango niutakao wataka nini khasa? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea kwa kutouliza. Hudhani kuwa kila kazi njema iko nyuma ya C+ na chuo kikuu, na lau wangaliuliza wangalijua kuwa kuna milango ambayo iko wazi mbele yao tangu siku ya matokeo.

Sasa tuwarudie waulizaji wetu.

Ama kijana wa Malindi, jawabu letu ni kuwa arudie, na Mwenyezi Mungu amsaidie. Lililomwangusha lajulikana, nalo ni kukosa muhula mzima. Sababu hiyo imeondoka, kwani mwenye kumlipia amepatikana bila ya kukopa. Na mlango autakao hauna njia ya pembeni: Tume ya Waalimu hukitazama cheti chenyewe cha kidato cha nne, ikataka C+ kwa jumla, na C+ katika masomo mawili ambayo mtu atayasomesha. Yote matatu yametimia. Wala asisikize maneno ya kukaa dawati moja na watoto. Masahaba wengi waliingia katika Uislamu hali ya kuwa ni watu wazima wenye ndevu na wajukuu, wakaanza kujifunza herufi moja moja, wala hapana aliyewacheka ila mjinga. Tena aweza kujiandikisha kuwa mtahiniwa wa binafsi, asirudi darasani kabisa, maadamu ana nidhamu ya kusoma peke yake. Lakini asichelewe, kwani uandikishaji hufanywa mwanzoni mwa mwaka. Na ajue kuwa mtaala huu wa 8-4-4 wafikia mwisho: waliofanya mtihani wa mwisho wa darasa la nane mwaka 2023 watafika kidato cha nne mwaka 2027, na baada yao waja wale wa mtaala mpya. Mwenye nia ya kurudia asiseme mwakani na mwakani.

Ama binti wa Mombasa, jawabu letu ni jengine. Twamwambia baba yake, kwa heshima: ndugu yetu, mwanao ataka kuwa muuguzi, na mlango wa uuguzi uko wazi mbele yake. Stashahada ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, hutaka daraja ya C kwa jumla, na C katika Bayolojia, na C katika Kiswahili au Kiingereza, na C- katika Kemia au Fizikia au Hisabati. Haya yote mwanao anayo! Baada ya miaka mitatu aweza kuwa muuguzi kamili, na akipenda ajiendeleze mpaka shahada akiwa kazini. Wewe wataka umwondoe katika mlango uliofunguka, umrudishe akabishe mlango mwengine mwaka mzima, naye hajui utafunguliwa au hautafunguliwa. Na sababu yako si ilimu wala si kazi, sababu yako ni jirani. Basi ikiwa mtihani warudiwa kwa ajili ya jirani, na ada pia ailipe jirani!

Ndugu zetu, aibu ya watu ni mshauri mbaya kabisa. Haimjui mtoto wako, haitakulipia deni, wala haitakuwapo siku ya matokeo. Mwenye kuifuata leo itamwambia arudie, na kesho akirudia itamcheka kwa kurudia.

Tena tutazame hizi bangili za mama. Kumtolea mtoto mali kwa ajili ya ilimu ni katika matumizi bora, wala hatumkatazi mtu. Lakini Mtume wetu alikuwa akijilinda kwa Mwenyezi Mungu na deni ndani ya Sala yake, kama tunavyojilinda na madhambi. Basi mali ya nyumba isiuzwe, wala deni lisiingiwe, kwa jambo ambalo masharti yake hayakutimia. Bangili hizo zikiuzwa kwa ada ya uuguzi zitakuwa zimefanya kazi. Zikiuzwa kwa kuogopa maneno ya barazani, zimekwenda bure.

Na katika kuchagua mlango, tukumbuke khabari ya Nabii Yaaqub (A.S.) katika Sura ya Yusuf. Alipowatuma wanawe Misri aliwausia wasiingie wote kwa mlango mmoja, bali waingie kwa milango mbali mbali. Twajua kuwa wafasiri wameutaja usia huo kuwa ni kwa kuwachelea na jicho. Lakini mna adabu pia ya kuwa mlango si mmoja. Na ni yeye yule aliyewatuma tena, baada ya misiba miwili, akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Kwa hivyo katika sura moja mna kurudia na mna kubadilisha mlango, na vyote viwili vimetoka kwa Nabii mmoja.

Twasema haya kwa sababu miongoni mwetu wako wanaoziona kazi za mikono na za ufundi kuwa ni za walioshindwa. Hili si katika dini yetu, wala si katika tarikh ya mji wetu. Imam Ghazali (R.A.), aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameihesabu tiba na hesabu, na ukulima na ufumaji, katika faradhi za kutosheleza, yaani umma mzima hupata dhambi zikikosa mtu wa kuzisimamia. Akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika ilimu zenye jaha, na mji ukakosa tabibu Muislamu. Je, ni wangapi leo kati yetu wanaotaka wake zao wahudumiwe na muuguzi mwanamke wa Kiislamu wakati wa kuzaa, khalafu binti akitaka kuusomea uuguzi wakamwambia stashahada ni aibu?

Na kile chuo kikuu cha ufundi kilichoko Tudor, Mombasa, mwakijua asili yake? Kilianza kusomesha mwaka 1951 kwa jina la Mombasa Institute of Muslim Education, watu wakikiita MIOME. Fedha zake zilitolewa na Sultani wa Zanzibar, na Aga Khan, na Mabohora, pamoja na serikali ya kikoloni, makusudi vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate mafunzo ya ufundi. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu. Waliotutangulia walitoa mali zao ili vijana wetu wawe mafundi, nasi tunaona haya mtoto akiambiwa ni fundi!

Limebaki jambo la istikhara, nalo yafaa tulieleze, kwani limeharibiwa pande mbili. Jabir bin Abdillahi (R.A.) amepokea kuwa Mtume alikuwa akiwafunza istikhara katika mambo yote, kama awafunzavyo sura ya Qur'ani. Nayo ni rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha dua ijulikanayo, ambayo ndani yake mja humwomba Mola wake amkadirie lenye kheri na amwepushe na lenye shari. Hii ni ibada nyepesi, aiwezayo kila mtu. Lakini wako walioiacha, wakaenda kwa mpiga ramli awaambie kama mtoto atapasi, au wakanunua hirizi ya kufungwa mkononi siku ya Hisabati. Haya ni maasia na khasara, na lau mpiga ramli angalijua yatakayotoka katika mtihani, angaliufanya yeye mwenyewe. Na wako wengine wasalio istikhara wakalala wakingojea ndoto. Ndoto si sharti. Istikhara huja baada ya kuuliza na kushauriana, wala haishiki mahali pa kuuliza. Asali rakaa zake, kisha ashike lile ambalo moyo na akili vimetua juu yake, na alifuate. Likiwa na kheri litakuwa jepesi, na likiwa na shari Mwenyezi Mungu atamwepusha nalo.

Na asalie kila mtu istikhara yake mwenyewe. Baba asimsalie binti yake, khalafu akamwambia nimeoneshwa urudie! Mwenye kukaa na karatasi ya mtihani ni yeye, na mwenye kuisimamia kazi hiyo miaka thelathini ni yeye. Basi mashauri yawe pamoja naye, aulizwe, asikizwe, mvulana kwa msichana. Wala isiwe mvulana akianguka hurudishwa mara mbili, na msichana akianguka huambiwa hilo ni alama ya kuolewa.

Na atakayerudia, arudie kwa halali. Tumesikia kuwa ziko karatasi zinazouzwa kwa njia ya simu kabla ya mtihani, na wazazi huzichangia kama wachangiavyo harusi. Huo ni udanganyifu, na sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 imeufanya kuwa ni kosa la jinai. Hata kama serikali isingalijua, Mwenyezi Mungu ajua. Kijana aliyepata C- kwa jasho lake, mbele ya Mola wake ni bora kuliko aliyepata A ya wizi. Na mgonjwa atakayeangukia mikononi mwa tabibu wa A ya wizi ndiye atakayekulipisha Siku ya Kiyama.

Mwisho twawausia wazazi jambo moja, nalo ndilo lenye khatari kuliko yote. Si kurudia kunakowaharibu vijana wetu, wala si kwenda chuo cha ufundi. Kinachowaharibu ni kuachwa bila ya shauri. Matokeo hutoka, nyumba ikanuna wiki mbili, khalafu hakuna anayesema neno. Mwezi hupita, uandikishaji ukafungwa. Vyuo vikaita, wakapita wengine. Na kijana akabaki barazani, akawapata wa kumshauri ambao nyote mwawajua, na wanachouza mwakijua. Koleo likivunjika si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi akiondoka kiwandani, huo ndio mwisho.

Basi kaeni na watoto wenu wiki hii, si mwezi ujao. Waulizeni yale matatu kwa upole. Waliotimiza masharti, warudieni mtihani wao kwa moyo mkunjufu. Wasiotimiza, wafungulieni mlango mwengine kwa moyo huo huo, wala msiwafanye wauone kuwa ni adhabu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awawafikie vijana wetu, awape ilimu yenye manufaa na riziki ya halali, na atuepushe sisi wazee na kuwatwisha aibu ambayo si yao. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.